Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kaunti Yetu: Ada Wanazolipa Wajenzi wa Maghorofa Zitengeneze Barabara

Kwa:
Mheshimiwa Gavana,
Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia Ardhi na Mipango ya Miji,
Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia Fedha,
Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi.

KUH: KUTENGWA KWA ADA ZA UENDELEZAJI KWA AJILI YA BARABARA ZA MITAA

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, ninawaandikia hadharani jambo ambalo wakazi wa mtaa wetu wamekwisha kuwaandikieni kwa faragha, kupitia ofisi ya wadi na kupitia idara ya mipango ya miji, na ambalo hadi leo halijapata jibu zaidi ya mhuri wa kupokelewa. Si nia yangu kumvunjia mtu heshima, wala sitataja hapa jina la afisa, la kampuni wala la jengo, kwa kuwa shida tunayoilalamikia haikuletwa na mtu mmoja na haitaondoka kwa kumhamisha mtu mmoja. Ni shida ya utaratibu: kaunti inaidhinisha majengo makubwa, inapokea pesa kutoka kwa wanaoyajenga, kisha barabara zinazobeba uzito wa majengo hayo zinaachwa kama zilivyokuwa enzi za nyumba za chini na bustani.

Mtaa wetu uko katika mji wa Pwani, na historia yake si ndefu kueleza. Ploti zilipimwa nusu ekari nusu ekari, kila moja nyumba moja ya chini na mwembe mmoja au miwili, na katikati yake ikapitishwa barabara ya lami nyembamba ambayo magari mawili hupishana kwa kupunguza mwendo. Leo ploti hizo hizo zinapanda ghorofa kumi na zaidi. Mwenye kutaka kuona tunakoelekea na atembee Kilimani au Kileleshwa, Nairobi, ambako nyumba za bustani zimegeuka safu za maghorofa huku njia nyingi za ndani zikibaki na upana ule ule. Sipingi mji kukua kwenda juu. Watu wanahitaji mahali pa kuishi karibu na kazi zao, ardhi haiongezeki, na wengi wetu tunaotia sauti katika barua hii ni wapangaji wa maghorofa hayo hayo. Tunachokipinga ni mji kupanda juu huku chini unaoza.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Ada inatozwa, lakini haina kazi maalumu.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inairuhusu serikali ya kaunti kumtoza ada ya uendelezaji anayeomba kibali, na inairuhusu pia kutoa kibali kwa masharti. Jedwali la Nne la Katiba linaiweka mipango ya miji mikononi mwa kaunti, na barabara za kaunti vilevile. Kwa hiyo mkono unaotia sahihi kwenye ramani ya jengo ndio unaopaswa kutengeneza njia ya kulifikia jengo hilo. Lakini pesa zikishalipwa huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, zikachanganyika na ushuru wa soko, ada za maegesho na leseni za biashara, na kutoka hapo hakuna awezaye kuzifuata. Tulipouliza ni kiasi gani kimelipwa kwa majengo ya wadi yetu na kimefanya kazi gani, idara ya mipango ilituelekeza kwa idara ya fedha, idara ya fedha ikatuelekeza kwa idara ya barabara, na idara ya barabara ikasema haijawahi kuona hata senti moja yenye jina hilo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngozi imevutwa hadi ikapasuka.

2. Uharibifu wa wakati wa ujenzi haulipiwi na mtu yeyote.

Huu ndio mzigo mkubwa kuliko yote, na ndio usiotajwa. Kabla mpangaji wa kwanza hajahamia, barabara imekwisha kuumizwa na malori ya udongo unaochimbwa, ya mawe, ya kokoto, ya mchanga, ya vyuma na ya zege iliyochanganywa tayari. Wahandisi wanalijua jambo hili tangu majaribio makubwa yaliyofanywa Ottawa, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, ambako malori yalizungushwa juu ya vipande vya barabara vya unene mbalimbali ili kuona jinsi vinavyochakaa na kuvunjika. Kilichodhihirika ni kwamba madhara hayaendi sambamba na uzito, bali hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli (chuma kinachoshika magurudumu ya pande mbili), yaani ekseli yenye mzigo maradufu haiharibu mara mbili bali kama mara 16. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Mizigo ya Magari ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu pacha, ilhali gari dogo la familia kwa kawaida halifikishi hata tani moja kwa kila ekseli. Fanyeni hesabu wenyewe: ekseli moja ya lori lililo ndani ya sheria huidhuru lami sawa na magari madogo maelfu kwa maelfu. Na hilo ni lori linalotii sheria. Mizani ya kupimia malori iko kwenye barabara kuu. Hakuna mizani inayolingoja lori linalokata kona kuingia mtaani kwetu saa nne za usiku.

Barabara ya mtaa haikujengwa kwa mizigo hiyo. Tabaka lake la lami ni jembamba, msingi wake ni wa mawe ya matumbawe, na kingo zake hazina mawe ya kuzishika, ndiyo maana huanza kumeguka pembeni, kisha shimo likajongea katikati. Mwendelezaji akimaliza jengo lake huosha lango, hupanda maua, huweka taa, akauza nyumba zake na kuondoka. Hakuna aliyeipiga picha barabara kabla hajaanza, hakuna dhamana aliyoiweka, na hakuna afisa anayekuja kuikagua njia kabla ya kutolewa hati ya kuruhusu watu kuhamia. Kwa maoni yangu, kama kaunti ingefanya jambo hili moja tu, la kudai dhamana ya barabara kabla ya lori la kwanza kuingia, sehemu kubwa ya malalamiko ya mtaa wetu ingekwisha.

3. Majengo yanaidhinishwa moja moja, lakini msongamano unakuja kwa jumla.

Tuseme ploti iliyokuwa na familia moja yenye magari mawili imejengwa nyumba 60. Hata tukikadiria gari moja kwa kila nyumba mbili, hayo ni magari 30, mbali na tuktuk, bodaboda, malori ya maji na pikipiki za mitungi ya gesi. Ripoti inayoambatishwa na ombi la kibali itasema, pengine kwa ukweli kabisa, kwamba jengo hilo peke yake halitaizidi nguvu barabara. Ripoti ya jengo la pili itasema hivyo hivyo, na ya jengo la kumi pia. Hakuna ripoti hata moja inayotakiwa kueleza itakuwaje yakisimama yote kumi. Ada ya barabara ikipangwa vizuri ndiyo dawa ya jambo hili hasa, kwa kuwa haimtaki mwendelezaji wa kumi abebe mzigo wote, wala haimsamehe wa kwanza kwa sababu alitangulia. Kila mmoja hulipa fungu lake kulingana na safari ambazo jengo lake litaongeza, na mafungu yakikusanyika ndiyo yanayopanua makutano ambayo hakuna jengo moja lingeweza kudaiwa kuyapanua kwa haki.

4. Maji.

Nitasema kwa ufupi kwa sababu kila mmoja wenu ameyaona masika. Ploti ikifunikwa zege na kabro, yale matofali ya kutandika chini, kutoka ukuta hadi ukuta, mvua iliyokuwa ikizama chini ya mwembe hutokea langoni na kuingia barabarani, na mara nyingi njia ya kuingilia magari imejengwa juu ya mtaro ikauziba. Lami inayolala majini haidumu. Ada ya barabara isiyohesabu mitaro ni pesa ya kutengeneza barabara ile ile kila mwaka.

5. Hisani za mlangoni zimechukua nafasi ya sheria.

Baadhi ya waendelezaji, na tunawashukuru, hutandika kabro mbele ya malango yao bila kulazimishwa. Matokeo yake ni mita 40 za kabro, kisha mashimo, kisha mita 30 nyingine zilizoinuliwa juu zaidi, kisha tope. Kila mmoja amechagua kimo chake na mteremko wake, na maji ya mmoja humwagikia kwa mwenzake. Linalotia wasiwasi zaidi ni kwamba anayejitolea haandikiwi kazi hiyo kuwa sehemu ya malipo yake, na asiyejitolea haulizwi. Utaratibu wa namna hiyo humwadhibu muungwana, na huacha mambo ya umma yaamuliwe kwa mazungumzo ambayo umma hauyasikii.

6. Mkazi analipa mara mbili.

Kwa muda mrefu desturi ya miji yetu imekuwa kutoza kodi ya ardhi kwa kuangalia thamani ya kiwanja kitupu, bila kuhesabu kilichojengwa juu yake, tena kwa orodha za uthamini zilizopitwa na wakati. Nairobi yenyewe iliitegemea orodha ya mwaka 1982 kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo ploti yenye ghorofa 14 na ploti jirani yenye nyumba moja ya mama mjane zinaweza kudaiwa kodi zinazokaribiana, ilhali mizigo yao barabarani haifanani hata kidogo. Na mama huyo ndiye anayebishiwa hodi na daftari la mchango wa kokoto kila baada ya mvua, kwa sababu anaishi mtaani na anajulikana, wakati kampuni iliyojenga jirani yake ilikwisha kuuza na kwenda zake. Sheria ya Kitaifa ya Kodi ya Ardhi iliyopitishwa mwaka 2024 inafungua njia ya kurekebisha uthamini, lakini uthamini mpya huchukua muda, na hata ukikamilika, kodi hiyo ni ya huduma za kila mwaka. Haikukusudiwa kupanua njia kwa ajili ya majengo ambayo bado hayajajengwa.

Waheshimiwa, ninajua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa baadhi yake tumekwisha kuyasikia kwenye korido.

Litakuja kwanza jibu la Katiba: kwamba Kifungu cha 207 kinataka mapato yote yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, na kwa hiyo hakuna njia ya kuzitenga ada hizi. Kifungu hicho hicho kinakubali kwamba ziko pesa zinazoweza kuwekwa kando kwa mujibu wa sheria ya Bunge, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, katika kifungu cha 116, inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko maalumu kwa idhini ya baraza la mawaziri wa kaunti na ya bunge la kaunti. Kaunti zimeutumia mlango huo kuanzisha mifuko ya karo za wanafunzi. Haujafungwa kwa barabara. Na hata wanasheria wenu wakishikilia kwamba ni lazima pesa zipitie Hazina kwanza, hakuna kinachoizuia bajeti ya kaunti kuwa na fungu linalolingana na ada zilizokusanywa, likiandikwa wazi ni la barabara zipi.

Jibu la pili litakuwa kwamba barabara nyingine za mjini ziko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, si chini ya kaunti. Ni kweli kwa baadhi ya barabara. Lakini kibali cha jengo hakitolewi na mamlaka hiyo. Kinatolewa na ninyi. Katiba inaruhusu ngazi mbili za serikali kufanya mapatano ya ushirikiano, na mwenye kuleta pesa mezani husikilizwa haraka kuliko mwenye kuleta barua. Isitoshe, njia tunazozilalamikia zaidi ni zile za ndani kabisa, ambazo hakuna mtu amewahi kudai ni za taifa.

Litakuja pia jibu la tozo ya mafuta ya matengenezo ya barabara. Tozo hiyo ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mwezi Julai 2024, na baadaye magavana na Bunge la Kitaifa wakavutana juu ya Sh10.5 bilioni zilizotokana nayo. Kwa heshima, haifai barabara ya mtaa kungojea mivutano ya namna hiyo. Na hata fungu la kaunti likija lote, tozo hiyo ni ya matengenezo, yaani kuziba mashimo ya barabara iliyopo kwa matumizi yaliyotarajiwa. Inalipwa na kila anayenunua lita ya petroli au dizeli, pamoja na mwenye bodaboda wa kijijini ambaye hatakanyaga mtaa wetu. Kumtaka agharimie njia ya kuingilia maghorofa ya mtu mwingine si haki.

Jibu zito kuliko hayo ni la bei ya nyumba, na sitalipuuza. Mtasema mwendelezaji akitozwa ataihamishia ada kwa mnunuzi na mpangaji. Sehemu ya ada inaweza kweli kuwafikia, hasa pale ada inapotangazwa ghafla baada ya mwendelezaji kununua ploti na kupanga bei. Lakini bei ya nyumba haiwekwi na gharama za mjenzi peke yake. Inawekwa na kile ambacho mnunuzi yuko tayari kulipa, na kama mwendelezaji angeweza kupandisha bei apendavyo angekuwa amekwisha kufanya hivyo. Ada inapojulikana mapema, imeandikwa kwenye jedwali ambalo kila mtu anaweza kulisoma, mnunuzi wa ploti huipunguza katika bei anayomtajia mwenye ardhi, na hapo mzigo mkubwa humwangukia yule ambaye ardhi yake imepanda thamani kwa sababu kaunti imeruhusu ghorofa nyingi. Sioni ubaya wa hilo. Kwa upande mwingine, mpangaji wa leo hajaepushwa gharama yoyote: anailipa kwenye nauli ya tuktuk iliyopanda kwa sababu dereva anahofia springi zake, kwenye shokomzoba za gari lake, na kwenye saa anazozipoteza getini.

Kuhusu nyumba za bei nafuu, ombi letu ni kwamba zisisamehewe kimyakimya. Nyumba ya bei nafuu nayo ina watu, na watu hao nao wanahitaji barabara isiyofurika. Ikiwa serikali inaona mradi unastahili msamaha, basi serikali yenyewe iliweke fungu hilo katika mfuko, ili msamaha wa mwendelezaji usigeuke mashimo ya mkazi.

Mwisho litakuja jibu la mahakama: kwamba ada itapingwa na kufutwa. Inaweza kufutwa kweli ikitungwa vibaya. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza kodi au ada ya leseni kutozwa bila sheria. Nje ya nchi, mwezi Aprili 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Sheetz dhidi ya Kaunti ya El Dorado, California, ambako mwananchi alidaiwa dola 23,420 za athari kwa barabara ili aruhusiwe kuweka nyumba ndogo iliyotengenezwa kiwandani, kiasi kilichotokana na jedwali la jumla bila kuangalia nyumba yake ingeleta magari mangapi. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba ada haiepuki kupimwa na mahakama kwa sababu tu imewekwa na baraza la kutunga sheria, kisha wakairudisha kesi katika mahakama za California. Hawakuzifuta ada za barabara. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini unamwonyesha mtungaji wa ada mahali pa kukanyaga: kuwe na uhusiano wa kweli kati ya jengo na barabara inayotengenezwa, na kiasi kilingane na mzigo. Ada tunayoiomba sisi inakidhi yote mawili. Ada inayotozwa sasa, ambayo haijulikani inakwenda wapi, ndiyo rahisi zaidi kupingwa.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba yafuatayo.

Tunaomba kwanza sheria ya kaunti yenye jedwali la ada ya barabara, litakalojadiliwa na wakazi na waendelezaji katika vikao vya wazi, na litakalotokana na orodha ya kazi zenye makadirio ya gharama: makutano gani yatapanuliwa, mtaro gani utachimbwa, njia gani ya waenda kwa miguu itajengwa. Kiasi kihesabiwe kwa safari za saa za msongamano ambazo jengo litaongeza, na hesabu hizo zitokane na magari yetu wenyewe. Vitabu vya nchi za nje havijui tuktuk. Wanafunzi wa uhandisi wa chuo cha ufundi wakiketi mbele ya malango ya majengo yaliyokwisha kujaa kwa wiki moja, wakiwa na karatasi na kalamu, kaunti itapata takwimu bora kuliko zozote za kuazima.

Tunaomba mfuko maalumu chini ya kifungu cha 116 nilichokitaja, wenye sharti kwamba ada iliyotoka katika eneo fulani itumike katika eneo hilo au katika barabara inayolihudumia moja kwa moja, na iwe na ukomo wa muda. Huko California sheria inaitaka serikali ya mtaa ieleze kila baada ya miaka mitano kwa nini pesa za ada ambazo hazijatumika bado zinahitajika, na ikishindwa izirudishe. Sisi tunaridhia miaka hiyo hiyo mitano.

Tunaomba dhamana ya barabara, tofauti na ada, itakayowekwa kabla ya ujenzi kuanza, barabara ikiwa imepigwa picha na kupimwa mbele ya mwakilishi wa wakazi, na kurudishwa tu baada ya ukaguzi wa mwisho. Malori yapangiwe njia na saa. Ada yenyewe ilipwe kwa mafungu mawili, la kwanza wakati wa kibali na la pili kabla ya hati ya kuruhusu watu kuhamia, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ambayo mwendelezaji anaihitaji kaunti kuliko siku nyingine yoyote.

Anayetoa sehemu ya ploti yake kupanua hifadhi ya barabara, au anayejenga mtaro na njia kwa viwango na vimo vilivyowekwa na mhandisi wa kaunti, apunguziwe ada kwa kiasi cha thamani ya alichokitoa, kwa maandishi. Tukifanya hivyo, hisani za mlangoni zitageuka barabara moja iliyonyooka.

Na tunaomba daftari la wazi, litakalobandikwa katika ofisi ya wadi na kutolewa kila robo ya mwaka, likionyesha namba ya ploti, idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa, ada iliyolipwa, na kazi ya barabara iliyofanywa kwa ada hiyo. Uingereza huzitaka halmashauri zinazopokea michango ya waendelezaji kuchapisha taarifa ya kila mwaka ya mapato na matumizi yake, na katika tozo yao ya miundombinu asilimia 15 ya pesa hukabidhiwa baraza la eneo husika, ikapanda hadi 25 pale wakazi walipojitungia mpango wao wa maendeleo. Sidai tuige kila kitu. Ninasema tu kwamba kumwonyesha mkazi pesa iliyotokana na jengo linalomkinga jua si jambo geni duniani. Daftari hilo lingetusaidia pia katika rufaa: sheria ya mwaka 2019 inampa asiyeridhika na uamuzi siku 14 tu za kwenda mbele ya kamati ya kaunti ya kusikiliza rufaa za mipango, na mara nyingi sisi huujua uamuzi siku mabati ya bluu ya kuzungushia ujenzi yanaposimamishwa.

Kwa sasa, kabla ya sheria yoyote mpya, tunaomba taarifa tu. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi ndani ya siku 21, tunaomba orodha ya vibali vya majengo ya zaidi ya ghorofa nne vilivyotolewa katika wadi yetu tangu sheria ya mwaka 2019 ianze kutumika, ada iliyolipwa kwa kila kimoja, na kiasi kilichotumika kwa barabara za wadi katika kipindi hicho. Tusipojibiwa, tutaipeleka hoja hii mbele ya Tume ya Haki ya Utawala, na tutawasilisha ombi rasmi la wananchi katika bunge la kaunti, kama Kifungu cha 37 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 zinavyoturuhusu.

Chama cha wakazi kiko tayari kukutana nanyi siku yoyote ya kazi. Tunapendekeza mkutano ufanyike mtaani kwetu, saa kumi na moja jioni, na kila mmoja aje kwa gari lake.

Wenu mtiifu,

Mkazi, mpangaji na mlipa kodi,
kwa niaba ya wakazi wa mtaa.